Somo la Uchukuzi: Kuchagua Matenga na Mifuko ya Baiskeli yenye Mota



Vyama vingi vya msingi havina lori, wala si kila kazi inayohitaji lori. Lita 20 za maziwa kutoka kitongojini, trei nne za mayai, nusu gunia la kahawa, mbegu na stakabadhi za wanachama wakaao mbali na ghala: huo ni mzigo wa baiskeli. Na siku hizi baiskeli nyingi zimetiwa mota, ama ya petroli iliyofungwa katikati ya fremu, ama ya umeme iliyomo ndani ya gurudumu. Bodi ikikaa kujadili ununuzi wa chombo kama hicho, saa mbili hupita katika habari za mota, na mwisho wa kikao mtu mmoja hukumbuka kuuliza mzigo utakaa wapi. Jibu huwa ni kwamba patatafutwa kitu. Kinachopatikana aghalabu ni boksi kuukuu na mipira iliyokatwa katika tyubu.

Somo hili lahusu kitu hicho kinachotafutwa mwisho. Maziwa yakimwagika njiani, au yakifika yananuka petroli, anayepata hasara ni yule aliyekamua alfajiri. Kwake yeye ubora wa mota hausaidii neno.

Yafaa somo lisomwe katika kikundi, baiskeli yenyewe ikiwa mbele ya wasomaji, pamoja na futi ya kupimia na mizani ya ghalani.

Mota imebadili nini

Wapo wasemao kwamba matenga yaliyofaa kwa baiskeli ya kukanyaga yafaa pia kwa baiskeli yenye mota. Si kweli, na sababu ya kwanza ni mwendo. Mtu akanyagaye akiwa na mzigo huenda kilometa 12 au 15 kwa saa. Mota humfikisha kilometa 30 bila jasho. Mwendo umezidi mara mbili, lakini nguvu iliyomo katika mzigo huo unaokwenda imezidi mara nne, na kwa breki zile zile umbali wa kusimama nao huwa mara nne hivi. Kamba iliyotosha kuzuia tenga lisiteleze katika mwendo wa kwanza haitoshi katika mwendo wa pili. Kadhalika gurudumu likiingia shimoni, mzigo hupanda kidogo kisha huipiga keria kwa pigo zito kuliko uzito wake wenyewe. Pigo hilo, likirudiwa mara mia kwa siku, ndilo livunjalo keria. Haivunjwi na uzito uliotulia.

Sababu ya pili ni mtikisiko wa mota ya petroli, ambao hulegeza nati na kusaga nyuzi za kamba polepole. Ya tatu ni joto. Mifuko ya plastiki iliyofumwa, ile tunayoiita viroba, huyeyuka ifikapo nyuzi 160 au 170 hivi za Selsiasi, na bomba la moshi la injini ndogo laweza kupita kiasi hicho likiwa katika kazi. Mfuko ukiligusa bomba, hautahitaji safari ya pili. Ya nne ni petroli yenyewe, ambayo tutairudia tukifika kwenye kahawa.

Funzo kutoka kwa punda

Kabla ya baiskeli kufika pwani yetu, watu walikuwa na shogi. Ni mfuko mkubwa wa pande mbili unaotandazwa mgongoni mwa punda, mzigo ukining'inia kulia na kushoto. Mwenye punda hakufundishwa hesabu za egemeo, lakini alijua mambo mawili: pande zote zilingane, na mzigo ushuke chini kuliko kupanda juu. Mhunzi yeyote atengenezaye matenga ya chuma ya baiskeli leo anarudia shogi lile lile, na kwa maoni yangu chama kisichojua kianzie wapi kianzie hapo: matenga mawili yaliyolingana, moja kila upande wa gurudumu la nyuma, na juu ya keria mzigo mwepesi tu.

Tazama sasa kwa nini. Mzigo uliorundikwa juu ya keria mpaka ukafika mabegani mwa mchukuzi huiyumbisha baiskeli kila inapopinda, na baiskeli ikiinama kidogo tu mzigo huo huivuta izidi kuinama. Mzigo ule ule ukigawanywa na kushushwa hadi usawa wa ekseli hauna nguvu hiyo. Na upande mmoja ukiwa na kilo 20 na wa pili mtupu, mchukuzi hulazimika kuketi upande siku nzima. Jioni atasema mgongo unamwuma, na tairi nalo litalika ubavu mmoja.

Mbele na nyuma nako kuna hesabu yake. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma ni sentimita 110, na baiskeli pamoja na mpandaji wake huweka kilo 30 juu ya gurudumu la mbele. Tukitia mzigo wa kilo 40 juu kabisa ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele halipungukiwi na kitu. Tukiusogeza mzigo nyuma kwa sentimita 30, ekseli huwa kama egemeo la mizani: 40 mara 30, gawanya kwa 110, sawa na kilo 10.9. Gurudumu la mbele limepoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake. Hapo usukani huwa mwepesi mno, na katika kupanda mlima, ambako uzito wote hurudi nyuma, gurudumu hutaka kuinuka. Lakini tukiusogeza mzigo ule mbele ya ekseli kwa sentimita 10, gurudumu la mbele huongezewa kilo 3.6 na baiskeli hutulia. Kwa hiyo unapopima tenga dukani au kwa fundi, usiulize ukubwa wake kwanza. Uliza katikati yake patakaa wapi kulingana na ekseli.

Kuna mpaka wa kusogeza mbele, nao ni kisigino. Baiskeli yenye mota bado ina pedali, na mlimani mota ndogo hutaka kusaidiwa. Mchukuzi aketi, azungushe pedali nyuma, na visigino vyake visiguse tenga hata akiwa amevaa mabuti ya mvua. Ndiyo maana matenga mazuri hukatwa mshazari upande wa mbele, chini yakiwa mafupi na juu marefu. Ukiona fundi ametengeneza sanduku lenye pembe nne za mraba, ujue huyo hajapanda baiskeli yenyewe.

Keria hubeba nini hasa

Keria nyingi za kiwandani zimepigwa chapa ya uzito ziwezao kubeba, na 25 ni namba ionekanayo mara nyingi. Namba hiyo huhesabu kila kitu kilichowekwa juu yake. Haihesabu bidhaa peke yake. Tuchukue maziwa. Lita moja ina kilo 1.03, basi lita 20 zina kilo 20.6. Tukiyatia katika vyombo viwili vya alumini vya lita 10, na kila kimoja kina kilo 2, tumefika 24.6. Tukiviweka ndani ya matenga ya chuma yenye jumla ya kilo 8, tumefika 32.6, nasi tulidhani tumebeba 20. Katibu atakayeandika hesabu hii ukutani karibu na mizani atakuwa ameokoa keria nyingi.

Chama kikitaka kubeba zaidi, njia ya halali ni keria iliyoimarishwa na fundi kwa miguu inayoshuka hadi karibu na ekseli, pamoja na spoki nene na tairi linalostahimili. Kuunga mguu uliovunjika kwa kuuchomelea mahali pale pale si kuimarisha. Chuma chembamba kilichochomelewa huvunjika tena kando ya kovu. Na usifunge keria kwenye bomba jembamba la madigadi.

Mota iko wapi?

Hapa kila aina ina tabia yake, na tenga lifaalo baiskeli moja laweza kuwa hatari kwa nyingine. Wafaransa waliounda VéloSoleX, iliyotengenezwa Ufaransa tangu mwaka 1946 hadi 1988, waliweka injini juu ya gurudumu la mbele, kwa hiyo upande wa mbele tayari ulikuwa mzito, na mzigo ukawa wa kuwekwa nyuma. Injini ndogo zinazofungwa leo ndani ya fremu huwa na mnyororo wa pili unaokwenda kwenye gia iliyobanwa kwenye spoki za nyuma, aghalabu upande wa kushoto. Tenga la kushoto lisipokuwa na ubavu mgumu, mfuko hubonyea ndani, mnyororo ukaushika, na gurudumu la nyuma likafunga ghafla. Upande huo usitundikwe mfuko laini kamwe bila kibao au wavu wa chuma kati yake na mnyororo.

Baiskeli za umeme hazina bomba la moto wala harufu, nazo kwa mzigo wa chakula ni heri sana. Angalia tu betri. Nyingine huwekwa juu ya keria na kuipandisha, hivyo mzigo nao hupanda. Nyingine hukaa chini ya keria, na tenga likiwekwa vibaya betri haitoki kwenda kuchajiwa. Angalia pia waya utokao kwenye ekseli ya gurudumu lenye mota. Huo hukaa mahali pale pale ambapo kulabu ya tenga hupenda kukaa, na ukikatwa safari imekwisha.

Kikapu cha mbele kina kazi ndogo, nacho kiachiwe kazi hiyo: vitabu, chakula cha mchukuzi, koti la mvua. Kilo 5 zatosha. Kikitundikwa kwenye usukani peke yake huyumba nao. Kiwe na miguu inayoshuka mpaka ekseli ya mbele, kisikunje waya za breki, wala kisizibe taa.

Kila mazao na chombo chake

Nyanya hazihitaji maneno mengi. Tenga refu lionekanalo sokoni huziponda za chini kwa uzito wa za juu. Kwa baiskeli yenye mota kina kisizidi sentimita 30 hivi, na kreti mbili fupi ni bora kuliko tenga moja refu. Mayai yakae katika trei, ncha nyembamba ikielekea chini, trei zisizopwaya ndani ya sanduku, na chini yake nyasi kavu. Trei moja ya mayai 30 ina kilo mbili kasoro kidogo, basi si uzito unaotutisha bali kutikisika.

Maziwa ndiyo mazito ya somo hili. Chombo kisichojaa huwa na wimbi ndani yake, na katika kona wimbi hilo husukuma baiskeli nje ya njia. Afadhali vyombo vidogo vilivyojaa kuliko kimoja kikubwa kilichofika nusu. Vyombo vya alumini au chuma cha pua, vyenye mdomo mpana unaopitisha mkono wa kuosha, vyashinda madumu ya plastiki yaliyowahi kutiwa mafuta, ambayo mikwaruzo yake hutunza uchafu hata yakioshwa kwa maji ya moto. Tenga la maziwa basi liwe na mviringo unaoukumbatia mwili wa chombo, na mkanda wa kukaza shingoni kisiruke. Lisiwe sanduku lililofungwa pande zote. Likiwa wazi, gunia la katani lililoloweshwa na kufunikwa juu ya chombo hupoza kidogo kadiri upepo unavyokausha maji yake. Hilo haliyageuzi maziwa kuwa ya jokofu. Ambako hakuna mashine ya kupoza, saa mbili au tatu baada ya kukamua ndizo za kuyafikisha, na hii ndiyo faida ya kweli ya mota kwa mfugaji.

Kahawa iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa hadi unyevu wa asilimia 11 hivi haivunjiki wala haimwagiki, na kwa hiyo watu huifanyia uzembe. Ubaya wake ni kwamba hunywa. Hunywa maji ya mvua, na hunywa harufu. Tone la petroli lililodondoka kwenye gunia hupenya, na mwonjaji atalijua katika kikombe. Gunia moja likichanganywa na mengine ghalani, kosa la baiskeli moja huwa kosa la wanachama wote waliopeleka kahawa msimu huo. Kwa hiyo dumu la akiba la petroli lisisafiri kabisa pamoja na kahawa, hata kama limefungwa. Kwa gunia, mfuko wa turubai wenye mfuniko unaoshuka chini ya mdomo wake ni bora kuliko plastiki tupu, ambayo huzuia mvua kuingia na hapo hapo huzuia jasho kutoka.

Na sasa jambo ambalo sitalipunguzia ukali. Mifuko iliyobeba dawa za kuua wadudu au magugu isibebe chakula, kahawa wala mbegu, hata ikiwa imeoshwa. Kapu la ukindu na gunia havioshiki zikatoka dawa. Chama kiwe na mfuko wa peke yake kwa dawa, wa rangi isiyofanana na mingine, uliopigwa alama isiyofutika, na uhifadhiwe mbali na matenga ya chakula. Mchukuzi asemaye kuwa ni safari moja tu aambiwe ashushe mzigo.

Bei isomwe kwa miaka

Ukindu, fito, mianzi, chuma, plastiki, turubai, ngozi: kila kimoja kina mtetezi wake kijijini. Tufanye hesabu kwa bei za mfano tu. Jozi ya makapu ya fito yauzwa shilingi 10,000 na yadumu miezi 4. Jozi ya matenga ya chuma yauzwa shilingi 60,000 na yadumu miaka 4. Katika miaka hiyo 4 chama kitanunua makapu mara 12, yaani shilingi 120,000. Chuma kimeshinda kwa nusu. Lakini kama jozi ya chuma ina kilo 8 na ya fito kilo 3, kila safari chuma kimekula kilo 5 za nafasi ya mazao, kwenda na kurudi. Kwa maziwa, ambayo chombo chake ni kizito na chahitaji kushikwa, nachagua chuma. Kwa mboga na matunda nachagua fito au mianzi, hasa kijiji kikiwa na msusi ambaye ni mwanachama, kwa kuwa tenga likipasuka jioni atalishona usiku na fedha itabaki kijijini.

Mifuko ya dukani iliyoshonwa vizuri isidharauliwe. Ipindue utazame kulabu na mishono kabla ya kutazama kitambaa. Kitambaa ni nadra kupasuka kwanza. Hung'oka pale kinapounganishwa na kulabu. Kulabu iwe ya chuma, na chini pawe na kizuizi cha pili, maana kulabu za juu peke yake hurukia nje penye makorongo. Jaza mfuko mmoja mawe ya kilo 15, uufunge, upite nao barabara mbaya ya kwenu kilometa mbili, kisha urudi kujadiliana bei. Mwenye duka asiyekubali jaribio hilo ametoa jibu.

Chombo cha nani, hasara ya nani?

Chama kikiamua kununua, matenga yaandikwe katika daftari la mali kama mizani ilivyoandikwa, kila moja likiwa na namba na uzito wake likiwa tupu. Uzito huo una kazi mbili: humzuia mchukuzi kupita kipimo cha keria, na humlinda mkulima asikatwe uzito wa chombo usio wake. Mchukuzi akileta matenga yake mwenyewe, nayo yapimwe yakiwa matupu mbele ya mkulima.

Lakini shida kubwa huja mzigo unapoharibika. Mkulima alikabidhi lita 10 nzima. Kituoni zimefika 8, au zimefika 10 na zimekataliwa. Mchukuzi atasema njia ni mbaya. Katibu atasema hakuyaona. Mwenye ng'ombe hana wa kumwuliza. Neno hili likatwe kabla halijatokea, katika mkutano, na liandikwe katika muhtasari: mzigo upimwe na kuonjwa unapotolewa na unapopokelewa, stakabadhi mbili zilingane, na tofauti iamuliwe kwa chanzo chake. Kama chombo au keria ya chama ilivunjika ikiwa na mzigo usiozidi kipimo, chama kilipe. Kama mchukuzi alizidisha mzigo au alichanganya na petroli, yeye alipe. Kama mkulima alileta dumu lake chafu, hasara ni yake. Bodi isiyotaka kuandika hayo imekwisha kuamua kwamba atakayelipa daima ni mkulima.

Maswali ya vikundi vya majadiliano

1. Pimeni keria ya baiskeli ya chama chenu, matenga yake matupu, na mzigo wa kawaida wa asubuhi. Jumla yazidi kipimo cha keria kwa kilo ngapi?

2. Ekseli mbili zimeachana sentimita 105. Mzigo wa kilo 35 umekaa sentimita 24 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la mbele limepunguziwa kilo ngapi? (Jibu: 8.)

3. Katika baiskeli yenu, ni kitu gani kilichoko upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, na ni chombo cha aina gani kisichofaa kutundikwa hapo?

4. Mwezi uliopita ni lita ngapi za maziwa, au kilo ngapi za mazao, zilizopotea kati ya shamba na ghala, na ni nani aliyezilipa? Kama daftari halionyeshi, ni safu gani ya kuongezwa katika daftari hilo?